Mali Bila Daftari: Neno kwa Wanawake Wanaoitwa Kutumikia Katika Bodi

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Sisi tulio katika harakati za mageuzi tumeitumia methali hii mara nyingi, na karibu kila mara tumeielekeza kwa wakubwa. Tumeuliza fedha za umma zilipita wapi, nani alitia sahihi, na kwa nini wanaoulizwa hukasirika. Maswali hayo ni ya haki, na hatutayaacha. Lakini aulizaye hana budi kuwa tayari kuulizwa. Kwa hiyo safari hii tunaomba ruhusa ya wasomaji wetu, wanaharakati na waumini wa Thika na Ruiru, tuilete methali hiyo nyumbani kwetu: katika bodi za vyama vya wanawake wenye taaluma, vile vyama visivyotafuta faida ambavyo walimu, wauguzi, wahasibu, mawakili na wenye biashara huviunda ili kusomesha wasichana, kuwatetea wajane na kuinuana kazini.

Tunalisema jambo hili mapema kwa makusudi. Katiba imeweka uchaguzi mkuu ujao kuwa Agosti 2027. Kila uchaguzi unapokaribia, vyama hivi ambavyo kwa miaka minne havikuwa na mgeni hupata wageni wengi. Huja mwenye hema na viti, huja mwenye matangi ya maji, huja mwenye bahasha. Kila mmoja wao huomba jambo moja dogo tu: picha pamoja na mwenyekiti, au nafasi ya kusalimia akina mama. Siku hiyo, uhuru wa chama chote hukaa mikononi mwa wanawake saba au tisa walio katika bodi. Ni akina nani hao? Walichaguliwa lini, na kwa njia gani? Mwanachama wa kawaida aliziona hesabu zao mara ya mwisho mwaka gani? Asiyeweza kujibu maswali haya leo asishangae chama chake kitakapokuwa kimevishwa sare ya mtu.

Tunajua pia kwamba wengi walio na uwezo wa kutumikia hukataa wanapoitwa. Hatuwalaumu kwa wepesi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 490,120 katika mji wa Ruiru na watu 251,407 katika mji wa Thika. Mashamba ya kahawa ya Ruiru yamegeuka viwanja vya nyumba, na maelfu wanaolala humo hufanya kazi Nairobi. Barabara kuu ya Thika iliyofunguliwa mwaka 2012 iliileta Nairobi karibu, lakini haikuongeza saa katika siku ya mwanamke. Huyo anayetoka nyumbani kabla ya jua na kurudi wakati watoto wamekwisha kula, tukimwambia kwamba kuna kikao cha bodi Jumamosi, kisicho na posho, hujiuliza atakipata wapi kipumziko chake. Hujibu kwa upole kwamba wapo wakubwa wanaoijua kazi hiyo. Basi kiti hubaki kwa yule yule aliyekikalia jana na juzi. Na kiti kisichogombewa, taratibu, hugeuka kuwa urithi.

Yafaa basi tueleze kazi hiyo ni nini hasa, maana wengi huiogopa au huitamani bila kuijua. Mjumbe wa bodi si mtumishi wa ofisi, wala si mgeni wa heshima wa kuketi meza ya mbele siku ya sherehe. Kazi yake ni kulinda kusudi la chama na mali ya chama kwa niaba ya wanachama wasiokuwapo kikaoni. Bodi hupitisha makadirio ya mwaka. Bodi humwajiri mtendaji mkuu, humpa maagizo na kumpima, kisha humwacha afanye kazi yake bila kumwingilia kila asubuhi. Bodi huangalia kwamba akidi imetimia kabla ya uamuzi, kwamba kumbukumbu za kikao kilichopita zimesomwa na kuthibitishwa, na kwamba aliyepinga jambo ameandikwa kuwa amepinga. Mjumbe ambaye duka la mumewe linauza vitabu vya shule, na chama kinataka kununua vitabu vya shule, hutangaza jambo hilo na kutoka nje wenzake wanapoamua. Kazi hizi hazina shangwe. Lakini ndizo zinazotofautisha chama na kundi la marafiki linalozunguka mtu mmoja.

Taifa letu lina somo kubwa kuhusu jambo hili, na somo lenyewe lilitolewa na chama cha wanawake. Maendeleo ya Wanawake kilianzishwa mwaka 1952, wakati wa ukoloni, na kwa miaka mingi kilikuwa chama kikubwa kuliko vyote vya wanawake nchini, chenye vikundi hadi vijijini. Mwaka 1958 Phoebe Asiyo akawa Mwafrika wa kwanza kukiongoza. Katika miaka ya 1970, chini ya Jane Kiano, kilikuwa na sauti iliyosikika. Kisha katikati ya miaka ya 1980 yakazuka madai kwamba fedha zilitumiwa vibaya katika makao makuu. Serikali ikapata sababu ya kuingia. Iliingia ikisema inakuja kusafisha nyumba, na ilipoingia haikutoka. Mwaka 1987 chama kikaunganishwa na KANU, chama pekee cha siasa kilichoruhusiwa na sheria tangu mwaka 1982, na uchaguzi wake wa mwaka 1989 ukafanyika chini ya kivuli cha chama hicho. Kikafungamana na KANU mpaka siasa za vyama vingi ziliporejea, baada ya kifungu cha 2A cha Katiba kufutwa Desemba 1991.

Msomaji atuelewe vizuri. Hatusemi kwamba mama wa kijijini aliyesuka vikapu na kuchanga senti zake alitaka mambo yawe hivyo, yeye hakuulizwa. Wala hatusemi kwamba watawala wa siku zile walihitaji sababu njema ili kunyakua. Mtawala mwenye nia ya kunyakua hatafuti sababu njema, hutafuta sababu tu. Tunachosema ni kwamba daftari lenye mashaka ndilo mlango usio na komeo. Mwizi akiukuta hivyo, hana haja ya kuvunja ukuta.

Ulinganishe mkondo huo na mkondo mwingine wa miaka ile ile. Wangari Maathai aliongoza Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya kutoka mwaka 1981 hadi 1987, na ndani ya Baraza hilo ndimo lilimozaliwa Vuguvugu la Mkanda wa Kijani mwaka 1977. Mwaka 1989 alipopinga jengo la orofa sitini lililokusudiwa kujengwa katika bustani ya Uhuru, vuguvugu lake lilifukuzwa katika ofisi za serikali lilimokuwa. Kazi ikahamia nyumbani kwake, nayo haikufa. Iliendelea kwa sababu uhai wake haukutoka katika jengo wala katika baraka za mkubwa. Ulitoka kwa wanawake wenyewe waliokuwa na vitalu vyao vya miche na hesabu ya miti waliyopanda. Februari 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walipoketi katika kona ya bustani hiyo kudai wana wao, Maathai alikuwa pamoja nao. Walipopigwa na polisi tarehe 3 Machi, Kanisa Kuu la All Saints likawafungulia mlango, wakakaa humo karibu mwaka mzima. Wasomaji wetu wenye umri wanakumbuka. Wenye umri mdogo na wajue kwamba waliowapokea akina mama wale hawakumngoja mtu yeyote awape ruhusa.

Sasa tuje katika namna tunavyowachagua wajumbe wetu. Agosti 1986, wachungaji waliokusanyika chini ya Baraza la Kitaifa la Makanisa katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, pale Kahawa tunapopapita kila siku tukienda Ruiru, walikataa hadharani upigaji kura wa mlolongo. Walisema kwamba mchungaji hawezi kusimama nyuma ya picha ya mgombea mmoja na kesho akawachunga wafuasi wa mwingine. Mlolongo ulitumiwa hata hivyo katika uteuzi wa mwaka 1988, na aliyepata asilimia 70 au zaidi alihesabiwa kuwa amepita bila kupingwa. Twakumbuka uchungu wa jambo lile, foleni fupi ilipotangazwa kuwa ndefu.

Je, katika vyama vyetu tunafanyaje? Mara ngapi tumeketi ukumbini, mtu akasema kwamba uongozi uliopo umefanya vizuri na uendelee, ukumbi ukapiga makofi, na makofi yakaandikwa kuwa ni kura? Mara ngapi tumenyosha mikono mbele ya macho ya mwenyekiti ambaye ndiye pia mkuu wetu kazini, au mke wa mchungaji wetu, au dada aliyetukopesha karo? Huo ni mlolongo uliovaa kitenge. Kama kura ya siri ilistahili kupiganiwa kwa ajili ya bunge, inastahili pia sanduku la karatasi na kalamu ishirini kwa ajili ya bodi yetu.

Na kuhusu fedha, Kanisa halina udhuru wa kutojua. Mtume Paulo alipokuwa akikusanya mchango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu hakukubali fedha ile isafirishwe na mtu mmoja. Aliwaandikia Wakorintho kwamba pamoja na Tito wanakwenda ndugu wengine, akiwemo mmoja aliyechaguliwa na makanisa yenyewe, ili asipatikane wa kuwalaumu. Huyu alikuwa mtume, na hata hivyo hakuona aibu kulindwa na mashahidi. Basi mweka hazina wetu asijione ametukanwa akiombwa risiti. Watiaji sahihi wawe zaidi ya mmoja, wala wasiwe wa nyumba moja. Taarifa ya benki iletwe katika kila kikao, isomwe na wote, isiishie kwa mwenyekiti. Fedha zinazopitia simu ziende katika nambari ya chama, zisiende katika simu ya mtu. Hesabu za mwaka zikaguliwe na mtu asiye mjumbe, asiye ndugu wa mjumbe, kisha wanachama wapewe nakala kabla ya mkutano mkuu, wala wasisomewe kwa haraka wakati chakula kinapakuliwa.

Sheria yenyewe imo upande wa mwanachama. Sheria ya Vyama ya nchi yetu inakitaka chama kilichosajiliwa chini yake kifanye mkutano mkuu angalau mara moja kwa mwaka, na inampa mwanachama haki ya kuvikagua vitabu vya hesabu. Kwa mashirika makubwa zaidi, Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma iliyopitishwa mwaka 2013 ilicheleweshwa zaidi ya miaka kumi, mpaka ikaanza kutumika tarehe 14 Mei 2024 mahali pa ile ya mwaka 1990. Watu wa mageuzi waliipigania kwa miaka hiyo yote. Itakuwa aibu ikiwa tuliomba sheria njema ili tuifungie kabatini.

Linabaki suala la bahasha. Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu la Nairobi, jimbo ambalo Thika na Ruiru zimo ndani yake, alitangaza kwamba michango iliyotolewa na wanasiasa katika kanisa moja la Soweto, Nairobi, miongoni mwao Rais William Ruto, itarudishwa. Wapo waliosema kwamba ni kukosa adabu kurudisha zawadi. Sisi twaona kwamba alitupa sote kipimo. Bodi ya chama cha wanawake inaweza kupokea mchango wa mtu yeyote, mwanasiasa naye akiwa mmoja wao, kwa masharti ambayo yangeandikwa kwa mtu yeyote: uje kwa hundi au katika akaunti, uandikwe, utangazwe kwa wanachama wote, na usimpe mtoaji jukwaa, kiti wala neno katika maamuzi. Atakayekubali masharti hayo ni mfadhili. Atakayeghadhibika alikuja kununua.

Wapo watakaotuambia kwamba tunapanda mashaka mahali penye upendo. Watasema vyama vyetu ni vidogo, twajuana tangu shuleni, na kudai risiti kwa dada yako ni kumwita mwizi. Hoja hii tunaiheshimu, maana inatoka mahali pema. Lakini tumeuona upendo huo ukivunjika, na mara nyingi haukuvunjwa na wizi. Ulivunjwa na uvumi. Mweka hazina mwaminifu aliyetumia fedha zake mwenyewe kulipia ukumbi, asiandike, mwaka wa pili husemwa vibaya sokoni na hana karatasi ya kujitetea. Daftari humlinda mwaminifu kabla halijamnasa mwizi. Anayempenda dada yake hamwachi abebe fedha za watu gizani.

Wengine watasema kwamba wanawake wasomi wana mizigo ya kutosha. Ni kweli. Ndiyo sababu twazisihi bodi zipange vikao kwa saa ambazo mama mwenye watoto anaweza kuja, ziwe na ajenda fupi, ziweke ukomo wa vipindi viwili na kuuheshimu. Mzigo unaobebwa kwa zamu haumvunji mtu mgongo. Mwanamke akijua kwamba anaitwa kwa miaka mitatu, na kwamba baada ya miaka hiyo atapokewa na mwingine kwa shukrani, atakubali upesi kuliko anayeona kwamba kiti ni kifungo au ni kiti cha enzi.

Tukumbuke pia kwamba bodi ni shule. Martha Koome, aliyeapishwa kuwa Jaji Mkuu Mei 2021, mwanamke wa kwanza kukishika cheo hicho, aliwahi kuwa mwenyekiti wa FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake kilichoanzishwa mwaka 1985. Hapa kwetu, uchaguzi wa mwaka 2013 uliwapeleka bungeni wanawake 16 tu kutoka maeneo bunge 290 ya nchi nzima, na wawili kati yao walitoka katika miji yetu hii: Alice Ng'ang'a wa Thika Mjini na Esther Gathogo wa Ruiru. Wapiga kura wa barabara hii hawakuwa na shida ya kumwamini mwanamke. Bunge ndilo lililoshindwa. Katiba ya mwaka 2010 inaagiza kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa, na bunge likakaa bila kupitisha sheria ya kutimiza agizo hilo hata Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais, Septemba 2020, alivunje. Hoja wanayoitumia wapinzani wa agizo hilo ni kwamba wanawake hawajawa tayari kuongoza. Kila chama chetu kinachoendeshwa kwa makofi na bila hesabu kinawapa hoja hiyo bure. Kila bodi inayokaguliwa, inayopigiwa kura na inayong'atuka kwa wakati inawanyang'anya.

Hata hivyo, shule si ngazi. Mjumbe anayetaka kugombea kiti cha siasa ana haki kamili ya kugombea, nasi twamtakia heri. Lakini na ajiuzulu katika bodi kwanza, kabla ya bango la kwanza kubandikwa, ili jina la chama lisiwe gari lake la kampeni.

Katika Kitabu cha Hesabu tunasoma habari za binti watano wa Selofehadi, waliosimama mbele ya Musa na mkutano wote kudai urithi wa baba yao. Hawakumtuma mtu. Hawakunong'ona pembeni. Walikuja pamoja, wakasema mbele ya wote, na dai lao likaonekana kuwa la haki, sheria ikabadilishwa. Ndivyo tunavyowaomba akina dada na akina mama wa Thika na Ruiru wafanye katika mikutano mikuu ya mwaka huu. Simameni pamoja, mbele ya wote, kwa heshima. Ombeni hesabu zilizokaguliwa. Ombeni kura ya siri. Ulizeni nani amekaa zaidi ya vipindi vyake. Ulizeni bodi ina kauli gani iliyoandikwa kuhusu michango ya wanasiasa kuelekea mwaka 2027. Na mwenyekiti atakapouliza ni nani yuko tayari kutumikia, wewe mhasibu, wewe muuguzi, wewe mwalimu uliyeketi safu ya nyuma karibu na mlango, usiitazame saa. Nyosha mkono.

Cheo ni dhamana. Mwenye dhamana huishika kwa muda, huitolea hesabu, kisha huikabidhi. Mungu awape nguvu watakaoitika.